Chili Davis: Mtoto wa Kingston aliyegeuka mwalimu wa wapigaji wa besiboli

Charles Theodore Davis, ambaye mashabiki wa besiboli wanamjua kwa jina la Chili, alizaliwa Kingston, Jamaika, Januari 17, 1960. Alicheza misimu 19 katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, kuanzia 1981 hadi 1999, kwanza akiwa mlinzi wa uwanja wa nje na baadaye akiwa mpigaji tu. Baada ya hapo akawa kocha wa upigaji wa timu nne za ligi hiyo hiyo, kati ya 2012 na 2021. Ndiye mzaliwa wa kwanza wa Jamaika kucheza katika ligi hiyo. Safari yake inaeleza mengi kuhusu ufundi wa kupiga mpira, na pia kuhusu kazi ya ukocha ambayo sifa zake huenda kwa wachezaji na lawama zake humrudia kocha.

Jamaika ni nchi ya kriketi. Mtoto wa Kingston miaka ya 1960 alikua akisikia habari za uwanja wa Sabina Park na timu ya West Indies, si za San Francisco wala New York. Davis alikuwa na miaka kumi hivi familia yake ilipohamia Los Angeles, jimbo la California, na huko ndiko besiboli ilikomnasa. Jina la Chili nalo alilipata utotoni baada ya kunyolewa vibaya: wenzake walimtania kwamba aliyemnyoa alimfunika kichwa kwa bakuli la chili, ule mchuzi mkali wa nyama na maharagwe, kisha akazungusha mkasi. Utani ule ukageuka jina la maisha. Alisoma Dorsey High School, shule ya serikali jijini humo, na mwaka 1977, akiwa na miaka 17, timu ya San Francisco Giants ilimchagua katika raundi ya 11 ya mgawanyo wa chipukizi. Anayechaguliwa raundi ya 11 si mtu wa kuandikwa magazetini. Alipelekwa ligi za chini, ajipiganie huko.

Kwa msomaji anayeijua kriketi au soka pekee, inafaa kueleza mchezo wenyewe kidogo. Katika besiboli mrushaji husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji na kuutupa mpira mgumu, mara nyingi kwa mwendo unaofikia au kupita kilomita 150 kwa saa. Mpira huo hufika kwa muda usiotimia nusu sekunde. Ndani ya muda huo mpigaji mwenye gongo la mbao lazima autambue: unakuja moja kwa moja, unapinda, au unazama ghafla mbele ya miguu yake? Akikosea mara tatu, kwa kuukosa mpira au kuuacha mpira mzuri upite, anatoka. Hizo huitwa straiki. Akipewa mipira minne mibaya asirubuniwe nayo, anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Akiupiga mpira ukaanguka uwanjani bila kudakwa, naye akafika kituoni salama, hilo ni pigo salama. Ukivuka uzio wa uwanja ni homurani, naye huzunguka vituo vyote vinne bila kubughudhiwa; kila anayekamilisha mzunguko huo huipatia timu yake mkimbio mmoja. Msimu una mechi 162, na mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi, wastani unaoandikwa 0.300, anahesabiwa fundi hasa. Ni mchezo ambao hodari wake hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda, na hilo ndilo linalomfanya kocha wa upigaji awe mtu wa lazima.

Walinzi wa uwanja wa nje ni watatu: wa kushoto, wa kati na wa kulia. Hukaa mbali na mpigaji, wakikimbiza mipira mirefu ili kuidaka kabla haijagusa ardhi. Wa kati huhitaji mbio kuliko wote, wa kulia huhitaji mkono wenye nguvu wa kurudisha mpira. Davis alicheza nafasi zote tatu, lakini kilichompa mkate wake siku zote kilikuwa gongo.

Tena gongo lake lilikuwa na upekee. Davis alikuwa mpigaji wa pande mbili: alirusha kwa mkono wa kulia, lakini alipiga kwa kulia au kwa kushoto kutegemea mrushaji aliyekuwa mbele yake. Sababu ya kufanya hivyo ni ya kimaumbile. Mpira wa kupinda unaotupwa kwa mkono wa kulia humkimbia mpigaji anayesimama upande wa kulia, ukaenda nje ya gongo lake. Akisimama kushoto, mpira huo huo unamwendea. Anayemudu pande zote mbili hamwachii mrushaji faida hiyo. Gharama yake ni kubwa, maana ni sawa na kuwa wapigaji wawili katika mwili mmoja: mazoezi mara mbili, makosa mara mbili, na siku nyingine upande mmoja unakubali huku mwingine umegoma kabisa. Wengi hujaribu wakiwa vijana na kuacha.

Aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza na Giants Aprili 1981, akacheza mechi chache, kisha mwaka 1982 akapewa nafasi ya kudumu. Kocha mkuu alikuwa Frank Robinson, mlinzi wa zamani wa uwanja wa nje ambaye mwaka 1975, akiwa Cleveland, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu ya Ligi Kuu. Ndani ya kikosi walikuwamo wakongwe kama Joe Morgan na Reggie Smith, huyu wa pili naye akiwa mpigaji hodari wa pande mbili. Kijana wa kujifunza asingeomba darasa bora. Mwaka huo Davis alipiga homurani 19 na akashika nafasi ya nne katika kura za mchezaji bora chipukizi wa ligi yake.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Wastani wake uliporomoka hadi 0.233, na kwa muda ikaonekana kana kwamba 1982 ilikuwa bahati tu. Mwaka 1984 akarudi na wastani wa 0.315, wa tatu katika National League nzima, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, pamoja na homurani 21, na akaitwa kwenye mechi ya nyota. Kupanda, kushuka na kupanda tena ndani ya miaka mitatu, akiwa na umri wa miaka 22 hadi 24, ni elimu ambayo mpigaji aliyezaliwa na kipaji cha ajabu haipati. Wakati alipokuja kukaa na vijana waliokuwa wamepoteza njia, yeye mwenyewe alikuwa ameshapotea na kurudi.

Uwanja wa Candlestick Park, nyumbani kwa Giants, haukuwa rafiki wa mpigaji. Ulijengwa kando ya ghuba, na upepo wake wa baridi ulirudisha mipira iliyokuwa ikielekea nje ya uzio na kuwapoteza walinzi waliokuwa wakiitazama angani. Hata hivyo Davis aliitwa tena kwenye mechi ya nyota mwaka 1986, na mwaka 1987 akapiga homurani 24 Giants walipochukua ubingwa wa kanda yao. Katika nusu fainali dhidi ya St. Louis Cardinals aliuita mji wa wapinzani mji wa ng'ombe. Mashabiki wa huko wakamjibu kwa kumpigia kengele za ng'ombe. Giants walitolewa. Mwisho wa mwaka huo akahamia California Angels.

Huko Angels, mwaka 1988, uwanja wa nje ulikuwa na jambo la kipekee: katikati alisimama Devon White, naye pia mzaliwa wa Kingston, na kulia alisimama Davis. Wajamaika wawili bega kwa bega katika ligi ambayo miaka minane kabla yake haikuwa imepata hata mmoja. Ila walikuwa watu tofauti kabisa. White alikuwa mmoja wa walinzi bora wa kizazi chake na katika maisha yake ya uchezaji alishinda tuzo ya Gold Glove mara saba. Davis mwaka huo alifanya makosa 19 ya ulinzi, idadi ya kutia aibu kwa mtu wa uwanja wa nje. Gongo lake halikuwa na tatizo: mikimbio 93 ilitokana na mapigo yake. Kwa bahati nzuri American League, ile ligi ya pili ambamo Angels walicheza, tangu 1973, ilikuwa na kanuni inayomruhusu mchezaji mmoja kupiga kwa niaba ya mrushaji bila kulinda uwanja. Kadiri miaka ilivyokwenda Davis alihamia kwenye nafasi hiyo ya mpigaji maalumu, na glovu yake ikapata mapumziko ambayo wengi waliona ilistahili.

Mabadiliko hayo yalimjenga kuliko walivyotarajia wengi. Mpigaji maalumu huingia uwanjani mara nne au tano tu katika mechi ya saa tatu. Muda mwingine wote yuko benchi au kwenye chumba cha nyuma, akimtazama mrushaji, akikumbuka alichotupiwa mara iliyopita, akikisia atakachotupiwa sasa. Asiyejua kufikiri hupooza akiwa kwenye nafasi hiyo. Davis alistawi, na ni vigumu kuutenganisha ukocha wake wa baadaye na miaka hiyo ya kukaa na kutazama.

Mwaka 1991 alijiunga na Minnesota Twins, timu iliyokuwa imeburura mkia wa kanda yake mwaka uliotangulia. Alipiga homurani 29, nyingi kuliko mwenzake yeyote kikosini, na Twins wakafika World Series, fainali ya ligi nzima, dhidi ya Atlanta Braves, ambao nao walikuwa wametoka mkiani. Katika mechi ya pili alipiga homurani ya mikimbio miwili katika duru ya kwanza, yaani zamu ya kwanza ya timu kupiga, dhidi ya Tom Glavine, mmoja wa warushaji bora wa zama hizo. Mechi ya tatu ilichezwa Atlanta, ambako kanuni za National League hazikuwa na mpigaji maalumu, hivyo mpigaji mwenye homurani nyingi kuliko wote wa Twins akaanzia benchi. Aliitwa katika duru ya 8, timu yake ikiwa nyuma kwa mikimbio miwili, na akaupeleka mpira nje ya uzio kusawazisha 4-4. Twins walipoteza mechi hiyo katika duru ya 12, lakini walichukua ubingwa katika mechi ya saba, 1-0, katika mfululizo ambao hadi leo unatajwa miongoni mwa fainali bora zilizowahi kuchezwa. Kukaa benchi saa mbili na zaidi, kisha kusimama mara moja tu mbele ya mrushaji wa kasi na kufanya hivyo, si kazi ya misuli peke yake.

Miaka yake bora zaidi ilikuja akiwa na umri ambao wachezaji wengi huanza kufunga mizigo. Alirudi Angels mwaka 1993 akiwa na miaka 33, na mwaka huo mapigo yake yakazaa mikimbio 112, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote mwingine wa maisha yake ya uchezaji. Mwaka 1994, msimu uliokatizwa Agosti na mgomo wa wachezaji, alikuwa na wastani wa 0.311 na akaitwa kwenye mechi ya nyota kwa mara ya tatu. Mwaka 1995 wastani ukafika 0.318, ingawa mwaka huo Angels walipoteza uongozi mkubwa waliokuwa nao Agosti na wakatolewa na Seattle Mariners katika mechi moja ya ziada. Siri ya kuchelewa kuzeeka ilikuwa subira. Davis wa 1995 alikuwa anaiacha mipira mibaya ambayo Davis wa 1983 angeirukia, na alikuwa haoni haya kutembea bure hadi kituo cha kwanza. Hata urushaji aliujaribu: katika mechi moja ya 1993 iliyokwisha kuharibika, Angels walimpa mpira awarushie Texas Rangers, naye akamaliza duru mbili bila kuruhusu pigo hata moja. Mchezaji pekee aliyefika kituoni ni Jose Canseco, kwa kugongwa na mpira.

Mwaka 1997, akiwa Kansas City Royals na umri wa miaka 37, alipiga homurani 30, nyingi kuliko za msimu wowote uliotangulia. New York Yankees wakamchukua. Msimu wa 1998 aliupoteza karibu wote kwa jeraha la kifundo cha mguu, akacheza mechi 35 tu, lakini alikuwamo Yankees walipotwaa ubingwa, na mwaka 1999 akacheza karibu kila mechi wakautwaa tena. Akastaafu akiwa na pete tatu za ubingwa. Hesabu yake yote ni mechi 2,436, mapigo salama 2,380, homurani 350, mikimbio 1,372 iliyotokana na mapigo yake, na wastani wa 0.274. Siku alipoweka gongo chini, wapigaji wa pande mbili waliokuwa na homurani nyingi kuliko yeye walikuwa wawili tu katika historia: Mickey Mantle na Eddie Murray. Hata hivyo wapiga kura wa Jumba la Umaarufu la Cooperstown walipofikia jina lake mwaka 2005 walimpa kura za kuhesabika kwa vidole, likaondolewa kwenye orodha mwaka huo huo. Hawakumdhulumu kwa kutomwingiza, lakini mtu mwenye namba hizo alistahili kujadiliwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kazi ya ukocha wa upigaji, aliyoifuata baadaye, haina umri mrefu sana. Si timu zote za zamani zilizokuwa na kocha wa upigaji wa kudumu. Mara nyingi mkongwe aliyekuwa karibu alimwambia kijana alichokiona, basi. Aliyeipa kazi hiyo heshima ni Charley Lau, mdakaji wa zamani mwenye wastani wa kawaida kabisa, ambaye miaka ya 1970 huko Kansas City alimlea mpigaji George Brett. Lau alifundisha mpigaji kuhamisha uzito kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele na kupeleka mpira kila pembe ya uwanja. Upande wa pili alisimama Ted Williams, mlinzi wa uwanja wa nje wa Boston aliyepata wastani wa 0.406 mwaka 1941. Mwaka 1970 Williams alitoa kitabu kiitwacho The Science of Hitting, akahimiza mambo mawili: subiri mpira ulio mzuri wa kupiga, kisha uupige gongo likipanda juu kidogo, kwa kuwa mpira wenyewe unakuja ukishuka. Karibu kila ubishi wa makocha tangu hapo ni mjadala kati ya watu hao wawili, hata pale wabishi wasipowataja.

Davis hakuruka moja kwa moja hadi Ligi Kuu. Mwaka 2011 alikuwa kocha wa upigaji wa Pawtucket, timu ya ngazi ya chini ya Boston Red Sox. Mwaka 2012 Oakland Athletics wakamwita. Imani yake ilichukua kitu kwa Lau na kitu kwa Williams. Kwa subira alikuwa mwanafunzi wa Williams: mtu aliyetembea bure mara 1,194 katika maisha yake hawezi kufundisha vingine. Kwa matumizi ya uwanja alikuwa karibu na Lau: usivute kila mpira upande wako, upeleke katikati au upande wa pili pale mrushaji anapokulazimisha, na ukifikia straiki mbili badilisha lengo, tafuta kuugusa mpira kwanza. Zaidi ya yote alisisitiza kichwa. Mpigaji aende kwenye nafasi yake akijua anautafuta mpira gani kutoka kwa mrushaji yule, siku ile.

Kazi yenyewe kwa siku huanza saa nyingi kabla ya mechi. Kocha hutazama video za mrushaji wa jioni hiyo, huwakusanya wapigaji kuwaeleza mrushaji huyo hupenda kutupa nini akiwa taabani, kisha huingia kwenye chumba cha nyavu ambako wachezaji hupiga mamia ya mipira, mmoja akirekebisha mguu, mwingine mkono, mwingine akitaka tu kuambiwa hana tatizo. Wapigaji ni kumi na watatu hivi na kila mmoja ana mwili wake, tabia yake na mshahara wake. Baadhi wanalipwa mara kadhaa ya kocha wao na wanajua hivyo. Asiyejua lini anyamaze hadumu.

Oakland ilikuwa mahali pazuri pa kuanzia. Timu hiyo maskini chini ya meneja mkuu Billy Beane ilijulikana kwa kuthamini wapigaji wenye subira, na Davis alikuta kundi la watu walioachwa na wengine pamoja na mgeni mmoja wa gharama, Yoenis Céspedes kutoka Kuba. Mwaka 2012 Josh Reddick alipiga homurani 32, Brandon Moss 21, na Athletics wakawapiku Texas Rangers siku ya mwisho ya msimu kwa ubingwa wa kanda. Mwaka 2013 wakautetea, Josh Donaldson akawa wa nne katika kura za mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2014 wakafika tena hatua ya mtoano, wakatolewa na Royals.

Boston wakamrudisha, safari hii kwenye timu kubwa. Mwaka wa kwanza, 2015, Red Sox walimaliza mkiani. Mwaka 2016 walifunga mikimbio 878, mingi kuliko timu yoyote ya Ligi Kuu. Jackie Bradley Jr., aliyekuwa amekaribia kukatiwa tamaa, alipata pigo salama katika mechi 29 mfululizo. Mookie Betts alipiga homurani 31 kwa wastani wa 0.318. David Ortiz, akiwa na miaka 40 na ametangaza kustaafu, alipiga homurani 38, na mapigo yake yakazaa mikimbio 127. Ni sawa kusema kwamba Ortiz hakuhitaji kufundishwa kupiga. Lakini mpigaji maalumu mzee, mwenye miguu mibovu na kazi ya kukaa benchi kati ya zamu na zamu, alikuwa amepata kocha aliyeishi maisha hayo hayo.

Ortiz alipoondoka, nguvu ikaondoka naye. Mwaka 2017 Red Sox walipiga homurani 168, chache kuliko timu yoyote ya American League, katika mwaka ambao ligi nzima ilivunja rekodi kwa homurani 6,105. Hapo ndipo mwelekeo wa Davis na mwelekeo wa wakati vilipoanza kupishana. Tangu 2015 viwanja vyote vilikuwa na mfumo wa Statcast, unaopima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo na pembe unayopaa nayo. Vipimo vilionyesha kwamba mipira inayopaa huleta mikimbio mingi kuliko inayobiringika chini, na vijana wakaanza kujenga upya mapigo yao ili kuuinua mpira. Williams alikuwa amesema karibu jambo hilo hilo miaka 47 nyuma, ila sasa lilikuwa na namba. Timu ilishinda kanda yake, ikatolewa mapema, kocha mkuu John Farrell akaondolewa na benchi lake likavunjika. Mwaka 2018, chini ya kocha mpya wa upigaji Tim Hyers na baada ya kumsajili J.D. Martinez, Red Sox walifunga mikimbio 876 na kuwa mabingwa. Wakosoaji wa Davis huutaja mwaka huo kama ushahidi. Husahau kwamba 2016, bila Martinez, walifunga miwili zaidi.

Mwaka huo wa 2018 Davis alikuwa ameshatua Chicago Cubs, na huko ndiko alikoumia zaidi. Cubs walitaka hasa alichokuwa nacho: kupunguza kutolewa kwa straiki, kutumia uwanja wote. Homurani zao zikashuka kutoka 223 hadi 167, na mikimbio kutoka 822 hadi 761. Javier Báez aling'ara, mapigo yake yakazaa mikimbio 111 na akawa wa pili katika kura za mchezaji bora, lakini wengine kadhaa walififia nusu ya pili ya msimu. Timu ilishinda mechi 95, ikapoteza ubingwa wa kanda kwa Milwaukee katika mechi ya ziada, na kesho yake ikatolewa na Colorado Rockies 2-1 katika duru ya 13. Siku chache baadaye Davis alifungashiwa virago. Hakuficha uchungu wake, na alikiri kwa waandishi kwamba atahitaji kubadili namna ya kuzungumza na wachezaji wa kizazi kipya. Kauli hiyo ilimletea kejeli nyingi kuliko ilivyostahili. Ukweli ni kwamba mafundisho yake hayakuwa mabaya Chicago na mazuri Oakland. Wanafunzi walikuwa wengine, na baadhi yao walikuwa wameshapata mafanikio kwa njia nyingine, hata pete ya ubingwa ya 2016 wakiwa nayo.

New York Mets walimwajiri kwa msimu wa 2019, na mwaka huo huo mtu aliyedaiwa kuzima homurani akaongoza wapigaji walioweka rekodi ya klabu kwa homurani 242. Pete Alonso, katika mwaka wake wa kwanza, alipiga 53, idadi ambayo chipukizi yeyote hajawahi kuifikia. Jeff McNeil, mpigaji wa aina aliyoipenda Davis, wa kupeleka mpira palipo wazi, alikuwa na wastani wa 0.318. Wachezaji hao wawili wasiofanana kabisa walikuwa chini ya kocha mmoja. Mwaka 2020, msimu uliofupishwa hadi mechi 60 kwa sababu ya janga la korona, Davis alifanya kazi akiwa nyumbani kwa kuhofia afya yake, akizungumza na wachezaji kwa simu na video huku msaidizi wake Tom Slater akikaa benchi. Mets waliongoza Ligi Kuu kwa wastani wa timu, 0.272.

Msimu wa 2021 klabu ilikuwa na mmiliki mpya, Steve Cohen, na nyota mpya, Francisco Lindor, aliyepewa mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 341. Lindor alianza vibaya, na timu nzima ikakaa miongoni mwa zilizofunga mikimbio michache zaidi. Mei 3, baada ya mechi ya St. Louis, mji ule ule wa kengele za ng'ombe, Davis na Slater waliondolewa kazini kwa pamoja. Msimu haukuwa umetimiza mechi 25. Uongozi ulieleza kwamba sababu haikuwa matokeo ya wiki hizo chache, bali mfumo mpya wa kuwaandaa wapigaji uliotaka watu wanaotegemea takwimu zaidi, na nafasi zao zikachukuliwa na Hugh Quattlebaum na Kevin Howard. Chini ya mfumo huo Mets walimaliza msimu wa 2021 wakiwa na ushindi 77 na vipigo 85. Walifunga mikimbio 636, na kati ya timu 30 za Ligi Kuu ni tatu tu zilizofunga michache kuliko wao.